Mshauri wa Afya ya Mazingira: Tumwulize Nini Kabla ya Kuweka Sahihi?

Ukitaka mtu wa kukuezekea nyumba, humwiti mpita njia yeyote. Kwanza unauliza. Fundi huyu alijifunza kwa nani? Ameezeka nyumba ya nani? Mvua za masika zilizopita, nyumba hiyo ilivuja au haikuvuja? Ukipata majibu ndipo unampa kazi. Huulizi kwa sababu ya dharau. Unauliza kwa sababu nyumba ni yako, na ikivuja utalowa wewe na watoto wako. Fundi atakuwa kwake amelala.

Lakini siku moja linakuja gari kijijini. Anashuka mtu amebeba makaratasi na kompyuta. Tunaambiwa: "Huyu ni mshauri wa afya ya mazingira." Tunakaa kimya. Tunapiga makofi. Tunaandika majina yetu kwenye karatasi ya mahudhurio na kuweka sahihi. Mgeni anaondoka. Baada ya mwaka mmoja au miwili tunaambiwa: "Mlishirikishwa. Sahihi zenu hizi hapa."

Ndugu msomaji, jambo hili silipendi. Maoni yangu ni haya: kijiji kina haki ya kujua sifa za mtu anayekuja kutushauri juu ya maji yetu, vyoo vyetu na hewa yetu. Tena kina wajibu wa kumwuliza. Zamani tulipokuwa hatujui kusoma, tuliweka dole gumba na kuondoka. Leo tunajua kusoma. Kusoma kwetu kusiishie kwenye majina ya mabasi. Tusome pia vyeti vya wanaotushauri.

MAANA YA MANENO HAYA

Tuanze na maana, ili twende pamoja.

Afya ya mazingira ni afya inayotokana na mahali tunapoishi. Ni maji tunayokunywa, choo tunachotumia, takataka, moshi wa jikoni, mbu, panya, popo, chakula kinachouzwa sokoni, na sumu inayotoka migodini na viwandani. Zahanati inaweza kuwa na dawa nzuri. Lakini kama chemchemi ina kinyesi, mtoto atatibiwa leo na kuugua tena mwezi ujao.

Sera ni njia kuu iliyokubaliwa ya kufanya jambo. Kwa mfano, nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2021. Sera huzaa sheria, na sheria huzaa kanuni. Hapa kwetu kijijini tuna sheria ndogo. Sheria ndogo ikisema kila kaya iwe na choo, na asiye na choo atozwe faini, hiyo ni sera imefika mlangoni kwako.

Mshauri ni mtu anayeitwa na serikali, halmashauri, shirika au kampuni. Hupima hali ilivyo, huandika taarifa, na kupendekeza nini kifanyike. Yeye haamui. Lakini wanaoamua husoma alichoandika. Akiandika vibaya, wataamua vibaya. Ndiyo maana sifa zake zinatuhusu.

KWA NINI SISI WA NGARA NA BIHARAMULO?

Labda unasema: "Mambo hayo ni ya Dodoma na Dar es Salaam." Sivyo. Wilaya chache zimeonja mambo ya afya ya mazingira kama hizi zetu. Tuangalie mambo manne.

La kwanza ni wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja tu. Walikaa Benaco. Watu wengi hivyo wanahitaji maji ya kunywa usiku huo huo. Wanahitaji pa kujisaidia kesho asubuhi. Wanahitaji kuni. Vilima vya kuzunguka kambi vikabaki visiki. Wakimbizi wa Rwanda waliondoka mwezi Desemba 1996, lakini miti haikurudi siku walipoondoka wao.

Miezi mitatu baadaye, Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wengine waliingia Goma, nchi ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Huko ardhi ni mwamba wa volkano. Vyoo havikuchimbika kwa urahisi. Watu walikunywa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Hapa tunapata somo. Mpango wa vyoo unaofaa mahali penye udongo laini haufai mahali penye mwamba. Mshauri asiyejua udongo na maji anaweza kuandika mpango mzuri sana kwenye karatasi, na watu wakafa.

La pili ni dhahabu. Biharamulo kuna mgodi mkubwa uliojulikana kwanza kwa jina la Tulawaka, na mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika la umma la madini, STAMICO. Kuna pia wachimbaji wadogo. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huchanganya unga wake na maji na zebaki, na zebaki hushika dhahabu. Kisha huichoma. Zebaki hupaa kama moshi. Moshi huo hauna rangi ya kutisha, lakini ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu na figo. Mama mjamzito akiuvuta, humdhuru mtoto aliye tumboni. Inayobaki kwenye matope huenda mtoni, huingia kwenye samaki, na samaki huingia sufuriani. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mkataba huo una jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani.

La tatu ni nikeli. Huko Kabanga, Ngara, madini ya nikeli yanajulikana tangu miaka ya 1970. Mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel, na Serikali yetu ina hisa asilimia 16. Nikeli ya Kabanga imo ndani ya mawe yenye salfa. Mawe ya namna hii yakitolewa chini na kurundikwa juu ya ardhi, yakapata hewa na mvua, yanaweza kutoa tindikali. Tindikali huyeyusha metali nyingine na kuzipeleka kwenye vijito. Sisemi kwamba jambo hilo limetokea Kabanga. Nasema kwamba mtu atakayetushauri juu ya mgodi wa namna hii lazima ajue jambo hilo, na ajue namna ya kulizuia kabla jiwe la kwanza halijarundikwa.

La nne ni ugonjwa wa Marburg. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa huo umeonekana Biharamulo. Tarehe 13 Machi mwaka huo ikatangazwa kwamba umekwisha. Wawili walithibitishwa kwa vipimo, na wengine 8 walihesabiwa kuwa yaelekea waliugua ugonjwa huo huo. Wote 10 walikufa. Kabla ya hapo, mwaka 2023, ugonjwa huo ulitokea Wilaya ya Bukoba na kuua watu 6. Kirusi cha Marburg hukaa kwenye popo wanaokula matunda, na popo hao hupenda mapango na mashimo ya migodi. Unaona, ndugu msomaji? Popo, shimo la mgodi, mazishi, maji ya kunawia, soko. Mambo haya ni ya mazingira kabla hayajawa ya hospitali.

Basi mtu atakayetushauri katika mambo mazito kama haya awe na sifa gani? Mimi naona sifa sita.

1. AWE NA ELIMU YA KAZI HII

Afya ya mazingira ina shule yake. Mtu anaweza kuanza na cheti au stashahada. Kuna vyuo kama Mpwapwa na Ngudu. Na hapa hapa Mkoa wa Kagera kuna Chuo cha Kagemu, Bukoba. Stashahada kwa kawaida ni miaka 3 baada ya kidato cha nne, na mwanafunzi awe amefaulu masomo ya sayansi kama biolojia na kemia. Wengine husoma shahada, kama ile inayotolewa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Mtu anayeshauri juu ya sera kwa kawaida huendelea tena na shahada ya pili, akisoma afya ya jamii, mazingira au mambo ya sera.

Kwa kazi ya mgodi, elimu ya vyoo peke yake haitoshi. Lazima awepo anayejua kemia ya maji na mawe. Kwa kazi ya Marburg, lazima awepo anayejua magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Mtu mmoja hawezi kujua yote. Akija mmoja na kusema anajua yote, hapo anza kuwa na mashaka. Mshauri mzuri huja na wenzake, na kila mmoja ana somo lake.

2. AWE AMESAJILIWA

Cheti cha shule husema mtu alifaulu mtihani. Usajili husema kwamba leo anaruhusiwa kufanya kazi, na kwamba akikosea kuna pa kumshtaki. Mambo hayo mawili ni tofauti.

Nchi yetu ilitunga sheria ya usajili wa wataalamu wa afya ya mazingira mwaka 2007. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza, na kazi hiyo ifanywe na wataalamu waliosajiliwa. Kwa hiyo unapomwuliza mgeni, "Ndugu, umesajiliwa wapi na namba yako ni ipi?" hujamtukana. Umetaja sheria ya nchi. Mtaalamu wa kweli atafurahi. Asiyekuwa mtaalamu ataanza kutazama saa yake.

3. AWE AMEFANYA KAZI KAMA HII

Mwulize: "Umefanya kazi hii wapi? Vijiji vipi? Ulipendekeza nini? Na baada ya miaka mitatu, pendekezo lako limefikia wapi?" Swali la mwisho ni zito. Wengi wanajua kuandika taarifa. Wachache hurudi kuangalia kama kisima walichopendekeza bado kinatoa maji.

Tena awe amefanya kazi katika nchi ya vilima. Ngara ni vilima na mabonde. Sisi tunajenga juu na kuteka maji chini. Choo kikichimbwa juu ya chemchemi, mvua huteremsha uchafu wake hadi kwenye ndoo. Ndiyo maana tunafundishwa kwamba choo kiwe upande wa chini wa chemchemi au kisima, na kiwe mbali, mita 30 au zaidi. Mwulize mshauri swali hili dogo: "Choo kiwe wapi ukilinganisha na chemchemi?" Akishindwa kujibu hilo, mambo ya tindikali atayaweza?

4. AJUE SHERIA NA NJIA YA UAMUZI

Mshauri wa sera lazima ajue nani anaamua nini. Kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji, na kila mtu mzima mkaazi ni mjumbe. Kuna halmashauri ya kijiji. Sheria ndogo ya kijiji hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Mshauri asiyejua mambo hayo atatupa ushauri usioweza kutekelezwa. Atasema: "Hamisheni machinjio." Nani ataihamisha? Kwa fedha ipi? Kwa sheria gani? Ushauri usiojibu maswali hayo ni hotuba tu.

5. AJUE KUSIKILIZA

Sifa hii haipo kwenye cheti, lakini bila hii cheti hakifai kitu.

Tufanye mfano. Fikiria kijiji kimoja cha mlimani. Ni mfano tu, usitafute jina lake. Mshauri kijana amefika. Amesoma vizuri na amesajiliwa. Anasimama mbele ya mkutano.

"Wazazi wangu, shikamooni."

"Marahaba, mwanetu."

"Nimepima maji ya chemchemi yenu hii ya juu, karibu na barabara. Ni safi. Kwa hiyo naandika kwamba maji ya kijiji hiki hayana tatizo."

Watu wanapiga makofi. Mama mmoja wa makamo ananyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo ya juu hukauka. Ikifika mwezi wa saba, wa nane, sisi wote tunateremka bondeni. Huko ng'ombe nao wanakunywa. Je, ya bondeni umeipima?"

Kijana anakaa kimya kidogo. Kisha anasema, "Hapana, mama. Sikujua. Nani atanionyesha njia?"

"Vua viatu hivyo, twende."

Ndugu msomaji, kijana huyo alipungukiwa, lakini ana sifa ya kusikiliza. Laiti angesema, "Mama, mimi ndiye niliyesoma," taarifa yake ingekuwa ya uongo kwa miezi mitatu ya kila mwaka. Na angalia tena: vipimo vyake vilikuwa sahihi. Katika maji ya kunywa, ukipima mililita 100, hatakiwi kuonekana hata kijidudu 1 cha kinyesi kile kinachoitwa E. koli. Yeye hakukikuta, na hakudanganya. Alipima vizuri mahali pasipotosha. Mwenye kujua mahali pa kupima alikuwa yule mama aliyebeba ndoo miaka 30.

Kwa hiyo mshauri lazima akae na wanawake wanaoteka maji, na siyo wazee wa barazani peke yao. Akae na wachimbaji. Akae na mganga wa zahanati na mwalimu. Aseme Kiswahili kinachoeleweka. Na mahali ambapo wazee wanaeleza vizuri zaidi kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, awe na mtu wa kumtafsiria. Taarifa yake irudi kijijini kwa Kiswahili, ibandikwe ofisini na isomwe mkutanoni.

6. ASEME NANI ANAMLIPA

Hili ndilo jambo ambalo wengi wanaogopa kulisema. Mimi nitalisema.

Katika tathmini ya mradi mkubwa, mwenye mradi ndiye anayemtafuta mshauri na kumlipa. Hiyo siyo kuvunja sheria. Ndivyo utaratibu ulivyo, na Serikali huikagua taarifa kabla ya kutoa cheti. Lakini sisi tujue hivyo. Mtu anayelipwa na mwenye mgodi kuandika habari za mgodi yuko kwenye mtihani mkubwa. Wapo wanaoshinda mtihani huo. Wanaandika ukweli hata kama utamwudhi anayewalipa. Lakini wewe ukiwa na kesi ya mpaka wa shamba, unaweza kuridhika na shahidi mmoja tu, aliyelishwa na jirani yako?

Basi mshauri aseme wazi mkutanoni: "Ninalipwa na fulani." Na sisi tuwe na wa kwetu wa kutusomea taarifa hiyo.

WA KWETU NI NANI?

Hapa ndipo maoni yangu yanapofika mwisho wake, na labda wengine hawatayapenda.

Tunatafuta washauri mbali, na huku tunaye mmoja hapa. Ni afisa afya, yule tunayemwita Bwana Afya au Bibi Afya. Amesomea kazi hii. Analipwa na umma, siyo na mwenye mradi. Anajua nani hana choo na nani anauza nyama isiyopimwa. Lakini sisi tumemfanya askari wa faini. Akionekana barabarani, watu wanafunga milango. Na huko juu nako, mara nyingi anapewa kata nzima yenye vilima bila pikipiki, au pikipiki bila mafuta. Kisha tunashangaa kwamba hafiki.

Naona ni makosa kumlipa mshauri wa siku kumi fedha nyingi huku mshauri wa kila siku hana mafuta. Halmashauri ikimwita mtaalamu wa mbali, afisa afya wetu akae naye tangu siku ya kwanza. Ajifunze kwake. Asome taarifa kabla haijapelekwa. Mgeni akiondoka, ujuzi ubaki.

Na tunao wengine. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaotoka katika vitongoji vyenyewe. Hawa siyo washauri wa sera. Lakini ndio macho. Wao wanajua ni nyumba ipi ina wagonjwa wa kuhara mwezi huu. Mshauri asiyewauliza hawa anafanya kazi kipofu.

WENGINE WATASEMA NINI?

Wengine watasema: "Mgeni hahojiwi. Sisi ni watu wa ukarimu." Ni kweli. Mpe mgeni kiti, mpe ndizi na maharage. Ukarimu ni kwa tumbo lake. Maswali ni kwa kazi yake. Mambo hayo mawili hayagombani.

Wengine watasema: "Sisi hatukusoma. Tutamwulizaje aliyesoma?" Kumbuka mwaka 1973. Mwaka ule ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2, wengi wao wakulima, walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vitabu na kujadiliana kwa wiki 12. Kisha walichimba vyoo, walifyeka vichaka na kusafisha visima. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na redio, kitabu na kikundi. Waliweza kujadili malaria na minyoo. Wewe leo utashindwa kuuliza namba ya usajili?

Wengine watasema: "Tukiuliza sana, mradi utaondoka, na vijana wetu watakosa kazi." Hofu hii naielewa. Vijana wanahitaji kazi. Lakini kijana akipata kazi mwaka mmoja na figo zikaharibika kwa zebaki, amepata nini? Mradi mzuri hauogopi maswali. Na mradi unaoondoka kwa sababu wananchi wameuliza juu ya maji yao, heri umeondoka mapema.

Na wengine watasema kinyume: "Wataalamu wote ni waongo, tusiwasikilize." Hilo nalo silikubali. Wakati wa Marburg wako walioogopa wataalamu kuliko ugonjwa. Lakini ni wataalamu waliopima damu, waliofuatilia kila mtu aliyemgusa mgonjwa, na waliofundisha mazishi salama. Bila wao tungezika wengi zaidi. Kuuliza sifa siyo kukataa utaalamu. Ni kutenganisha mtaalamu na mjanja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, halmashauri ya kijiji iwe na daftari la washauri na watafiti wanaokuja. Liandikwe jina, elimu, namba ya usajili, nani anamlipa, amekuja kufanya nini, na lini ataleta majibu. Ni daftari moja tu. Mwenyekiti na Mtendaji walitunze.

Pili, karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake kwa maneno makubwa: "Hii ni mahudhurio tu, siyo makubaliano." Anayejua kusoma amsomee asiyejua, kabla mtu hajaweka sahihi wala dole gumba.

Tatu, taarifa ikiletwa, isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, sehemu kwa sehemu. Isipoeleweka, iulizwe. Aliyeiandika akishindwa kuieleza kwa mkulima, huenda naye hakuielewa.

Nne, tuwasomeshe watoto wetu kazi hii. Mtoto anayependa biolojia na kemia, wa kike au wa kiume, aambiwe kwamba kuna kazi ya kulinda maji ya kijiji chake. Kagemu siyo mbali. Siku moja mshauri atakayeshuka kwenye gari lile awe ni mtoto aliyekunywa maji ya chemchemi ya bondeni. Huyo hataambiwa mahali pa kupima. Atajua.

Ndugu msomaji, fundi akiezeka vibaya, nyumba huvuja na tunaezeka upya. Lakini mto ukiingia sumu, hakuna fundi wa kuuezeka upya kwa haraka. Ruvubu na Kagera zinapita kwetu na kuendelea kwa wengine, hadi Ziwa Viktoria. Kwa hiyo gari likija tena kijijini, tuwe na kiti cha mgeni, na tuwe na maswali yetu tayari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani alikuja mwisho kutushauri juu ya maji, vyoo au mgodi? Tunajua sifa zake? Alirudi kutuletea majibu?

2. Chemchemi zetu ni ngapi? Ipi hukauka, na mwezi gani? Kuna choo kilichoko upande wa juu wake?

3. Je, kuna watu kijijini wanaochoma dhahabu kwa zebaki karibu na nyumba? Watoto wanakaa wapi wakati huo?

4. Afisa afya wetu alifika lini mara ya mwisho? Anapungukiwa na nini? Sisi tunaweza kumsaidia vipi?

5. Katika sifa sita zilizotajwa, ipi unaona ni kubwa kuliko zote? Toa sababu zako.